Kisu Chema Jikoni: Ni Anasa au ni Haki ya Mpishi?

Wako watu wanaodhani ya kuwa maswali ya wema na ubaya hukaa kanisani na barazani tu, wala hayaingii jikoni. Sisi twaona vingine. Tunapotembelea nyumba za Wakristu, mjini na hata vijijini, mara nyingi twakuta jambo moja la kututia mawazo. Sebuleni mna televisheni kubwa, baba wa nyumba ana simu ya bei kali, viti vimefunikwa vitambaa safi. Lakini ukizunguka nyuma, penye moto, utamkuta mama akikata nyama kwa kisu chembamba kama bati, mpini wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baisikeli. Anakisukuma na kukivuta kama mtu anayepasua ubao. Jasho lamtoka, nyama yachanika, na watoto wangoja.

Siku hizi limezuka swali. Ndugu zetu wanaokaa Bruxelles, Liège au Paris hurudi likizo wakileta visu vya Ulaya, na bei yake ikitajwa watu hushika kichwa. Kisu kimoja cha mpishi chenye bapa la sentimeta 20, kilichofuliwa Solingen katika Ujerumani, mara nyingi hupita euro 100. Basi wengine husema: hayo ni majivuno matupu, bibi zetu walipika vizuri kwa kisu cha mhunzi wa kijiji. Wengine hujibu: aliye na fedha anunue apendalo, ni mali yake. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili ni ya haraka mno. Yafaa kwanza kujua kisu chema ni nini, kisha tuulize kama ni halali kukitolea fedha nyingi.

Wenye hekima wa kale hawakuona haya kusema juu ya visu. Aristotle, mwalimu mkubwa wa Wayunani, katika kitabu chake cha Siasa, alitaja kisu cha Delfi, kisu ambacho wahunzi walikifanya kwa ubahili ili kitumike kwa kazi nyingi pamoja. Akasema kwamba maumbile si bahili hivyo: kila chombo hufanya kazi yake vema zaidi kikitumikia kazi moja kuliko kikitumikia kazi nyingi. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza kwa nini mwili wa mwanadamu umeumbwa jinsi ulivyo, alileta mfano wa fundi wa misumeno. Fundi huyo, alisema, hutengeneza msumeno wake kwa chuma, si kwa kioo, ingawa kioo kinapendeza macho zaidi, maana uzuri wa namna hiyo ungezuia kazi ambayo msumeno umefanyiwa.

Mfano huo wa kioo twaupenda sana, kwa sababu maduka yetu leo yamejaa misumeno ya kioo. Tazama visu vinavyouzwa katika sanduku la kadibodi lenye dirisha la plastiki: bapa limepakwa rangi nyekundu au kijani, mpini una maua, bapa jingine lina michoro ya mawimbi ili lifanane na chuma cha kale cha Dameski. Vyang'aa. Ukikata nyanya kwa kisu hicho, nyanya yabonyea kwanza, kisha yapasuka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nacho kisu kibaya siku hizi hujitembeza kikiwa kimevaa nguo za arusi.

Basi wema wa kisu uko wapi? Uko katika chuma chake, katika namna kilivyopitishwa motoni, katika umbo la makali, na katika mpini ushikao mkono bila kuuumiza. Tuyaeleze, kwa maana asiyejua hayo atadanganywa na kila mchuuzi.

Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Katika kilo moja ya chuma ambacho visu vingi vya Solingen hufanywa kwacho, mna kaboni kama gramu 5, na kromi kama gramu 150. Kaboni ndiyo iwezeshayo chuma kuwa kigumu kinapotiwa moto mkali na kupozwa upesi. Kromi ndiyo ikingayo kutu. Baada ya kupozwa, bapa hutiwa tena moto mdogo, ili lisiwe gumu la kuvunjika kama chungu. Yote yategemea kadiri ya mioto hiyo miwili. Fundi aliyeikosa atatoa kisu chenye sura njema kisichokata, na mnunuzi hawezi kuliona kosa hilo kwa macho.

Jambo hilo lilitokea hata kwa wakubwa. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholiwa upesi, akapata chuma chenye kromi nyingi kisichoshika kutu. Akawapa wafua visu wa mji wake wakijaribu. Visu vya kwanza havikukata, na watu wakamcheka wakisema amevumbua visu visivyokata. Ni Ernest Stuart, fundi wa visu wa mji uleule, aliyejaribu tena mpaka akaipata kadiri ya moto inayofaa.

Kwa hiyo msitulizwe na neno INOX lililopigwa juu ya bapa. Neno hilo laahidi kitu kimoja tu, yaani kutu haitashika upesi. Halisemi neno juu ya makali. Na mkiona namba 18/10 juu ya bapa, jihadharini zaidi: hicho ni chuma cha vijiko na sufuria, chenye kromi 18 na nikeli 10 katika mia, wala hakiwezi kufanywa kigumu kwa moto. Kuna jaribio rahisi. Chukua sumaku, hata ile ya redio mbovu, uiweke juu ya bapa. Ikikataa kushika, kiache kisu hicho dukani. Ikishika, hujathibitisha ya kuwa kisu ni chema, lakini umeondoa ubaya mmoja.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Visu vya Ulaya kwa kawaida huwa kati ya 55 na 58. Visu vingi vya Ujapani hupita 60. Mtu atasema, basi bora ni cha Ujapani. Si lazima! Chuma kigumu zaidi hushika makali muda mrefu, lakini kikigonga mfupa au kikianguka sakafuni, makali yake humeguka vipandevipande. Kile cha Ulaya, kikichoka, makali yake hujikunja tu, nawe wayanyosha kwa kuyapitisha juu ya fimbo ya chuma, mara tano au sita kila upande, kama wafanyavyo wauza nyama. Kwa jiko lenye watoto wanaopita mbio, na wapishi watatu wanaopokezana kisu kimoja, sisi twachagua kile kinachojikunja kuliko kile kinachomeguka. Lakini hata kisu cha Ulaya hakikufanywa kwa kupasulia mifupa ya mbuzi wala samaki aliyekaushwa kama ukuni. Kwa kazi hiyo panga na shoka zipo, na hapo Aristotle ana haki tena.

Watu hubishana pia juu ya kisu kilichofuliwa na kisu kilichokatwa kutoka bamba la chuma. Cha kwanza hupigwa kwa nyundo kubwa ya mashini, nacho ni kizito, chenye shingo nene kati ya bapa na mpini. Cha pili ni chepesi na rahisi. Wenye kiburi hudharau cha pili, nao wanakosea. Nyumba ya Victorinox huko Ibach, Uswisi, iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, hutoa visu vya bamba vyenye mpini wa plastiki, na wauza nyama wengi wa Ulaya huvitumia kutwa kucha. Bei yake kwa kawaida haifiki nusu ya kile cha kufuliwa. Tena shingo ile nene ina ubaya wake: katika visu vingine yashuka mpaka kisiginoni mwa makali, nawe ukinoa miaka mingi, bapa lapungua lakini shingo haipungui, mwisho kisu hakilali tena sawasawa juu ya ubao. Anayenunua cha kufuliwa atafute chenye kisigino wazi.

Tukiisha kusema hayo, laonekana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mama zetu wengi hawakatii juu ya ubao. Hushika kitunguu katika mkono wa kushoto na kukikata hewani juu ya sufuria. Hukunja matembele na lengalenga katika ngumi na kuyakata membamba sana, kazi ambayo mpishi wa Ulaya angeiogopa. Kwa mkono wa namna hiyo, kisu cha sentimeta 20 hakifai kitu, tena ni hatari. Kifaacho ni kile kidogo cha sentimeta 8 au 10, chepesi, chenye ncha. Basi mume anayemletea mke wake kisu kirefu kama upanga bila kumwuliza jinsi akatavyo, amenunua kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Kama mama anataka kujifunza kukata juu ya ubao, ni vema, kazi hupungua sana. Ila ubao uwe wa mti au wa plastiki, usiwe kioo wala jiwe, maana makali hufa siku ileile.

Sasa tufike penye uongo. Majina ya miji ya visu yana thamani, na penye thamani wezi hukusanyika. Katika karne ya 19 wafua visu wa Sheffield walilia kwamba visu vilivyotoka nje, hasa Ujerumani, vilipigwa jina la mji wao. Hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Uingereza mwaka 1887 kutoa sheria juu ya alama za bidhaa. Kumbe baadaye Solingen wenyewe wakapatwa na msiba uleule, wakalindwa kwa sheria mwaka 1938, na amri iliyotolewa mwaka 1994 yasema ya kuwa jina Solingen lapigwa tu juu ya kitu ambacho hatua zake kuu zote za kazi zimefanyika katika eneo la mji huo. Ndiyo maana jina hilo laweza kutegemewa, kama ni la kweli.

Jina Sabatier ni habari nyingine. Lilitoka kwa wafua visu wa Thiers, mji wa milimani katika Ufaransa, na tangu karne ya 19 lilishikwa na nyumba zaidi ya moja. Halikupata kuwa mali ya mmoja peke yake. Mpaka leo watengenezaji wengi hulipiga juu ya visu vyao, kila mmoja akiongeza alama yake pembeni. Viko visu vya Sabatier vizuri kabisa, viko na vibaya, na jina pekee halikusaidii kutenganisha. Lazima kutazama ile alama ya pembeni, kisha kutazama chuma.

Je, auzaye kisu kibovu kwa jina zuri ametenda dhambi gani? Mtakatifu Tomaso aliligusa jambo hili alipoandika juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Alitofautisha kasoro iliyo wazi na kasoro iliyofichika. Auzaye farasi mwenye jicho moja hana lazima ya kutangaza, maana kila mtu aona, kama bei yake imepunguzwa ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji hana budi kuisema. Na kasoro ya kisu, kama tulivyoona, karibu daima imefichika. Moto uliokosewa hauonekani. Kwa hiyo mchuuzi wa sokoni anayejua ya kuwa visu vyake vina chapa ya uongo, akasema ni vya Solingen, hawezi kujitetea kwa kusema mnunuzi alikuwa na macho. Na yule asiyejua, lakini anaapa? Huyo naye twamwona ana deni, kwa sababu ameuza kiapo chake pamoja na kisu. Biashara ya uaminifu ni kusema: ndugu, mimi nilikipata kwa bei hii, kinatoka nisikojua, kijaribu hapa hapa. Na mchuuzi mwema hukubali kujaribiwa. Peleka karatasi au nyanya iliyoiva.

Turudi kwenye swali la bei. Tufanye hesabu kwanza, ingawa hesabu haimalizi neno. Mtu akinunua kisu cha euro 2 kila baada ya miezi minne, kwa miaka 20 amenunua visu 60, ametoa euro 120, na katika miaka hiyo yote hakuwa na kisu chema hata siku moja. Yule aliyenunua kimoja cha euro 100 na kukitunza, anacho bado, na binti yake atakirithi. Kwa hesabu hiyo kisu cha bei ni akiba.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwahubiria maskini. Mwenye mshahara wa kula kesho hawezi kutoa euro 100 leo, hata ukimwonyesha hesabu ya miaka 20. Ndiyo taabu ya umaskini: hukulazimisha kununua ghali kwa vipande vidogovidogo. Kwa huyo, kisu kidogo cha chuma cha kaboni kama vile Opinel, kilichoanza kufanywa na Joseph Opinel katika Savoie mwaka 1890, au cha bamba kilicho rahisi, chatosha kabisa. Kile cha kaboni hushika kutu na kugeuka cheusi ukikata ndimu au nyanya. Weusi huo haudhuru, kutu ndiyo idhuruyo, basi kipanguswe na kukaushwa mara tu kazi ikiisha. Wala mhunzi wetu asisahauliwe. Mhunzi ajuaye moto, anayefua kisu kwa chemchemi ya gari la zamani, ana chuma chenye kaboni ya kutosha mikononi mwake, na twajua visu vya namna hiyo vinavyoshinda vile vya sanduku la kadibodi. Na akina mama wa likelemba waweza kupeana zamu: mwezi huu fungu lanunua kisu cha mama huyu, mwezi ujao cha yule.

Anasa iko wapi, basi? Twaona iko katika ule mti wenye matundu, uliochomekwa visu 12 pamoja na makasi, unaowekwa juu ya kabati ili wageni wauone. Nyumba yahitaji visu vitatu: kidogo cha mkononi, kikubwa cha ubaoni, na chenye meno cha mkate. Na mahali ambapo mkate huchanwa kwa mkono, hata hicho cha tatu ni cha kuachwa. Vile tisa vilivyobaki vimenunuliwa kwa ajili ya jirani.

Na hapa twataka kukaa kidogo, maana ndipo swali linapouma. Nani huamua fedha za nyumba ziende wapi? Methali yasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Nyumbani mambo yamepinduka: mwenye kisu butu ndiye apikaye, na mla nyama ameketi sebuleni akingoja. Baba hununua simu mpya kabla ya ile ya zamani kufa. Hununua bia ya marafiki, na hakuna amwulizaye kama ni anasa. Mama akitaja kisu, watu huuliza bei. Twaomba msomaji ahesabu ni mara ngapi kwa siku simu yake inahitaji kuwa ya aina ile, na ni mara ngapi kwa siku mke wake anashika kisu. Kisu butu si taabu ya mkono tu. Huteleza. Kikali huingia mahali ulipokielekeza. Butu hukataa ganda la boga, kisha chaponyoka kwa nguvu zote ulizotia, na kidole kipo mbele yake. Kumpa mtu kazi ya kila siku na kumnyima chombo chake ni jambo la haki, si la ukarimu, na twashangaa kwamba wanaume wasioweza kukubali kufyeka shamba kwa panga lisilo na makali waona ni sawa mke akate nyama vile.

Mtu mmoja aliyetusikiliza alileta pingamizi lingine, na ni la maana. Alisema: mwasifu visu vya Ulaya, lakini je, wale waliovifanya? Ni kweli. Makali ya Sheffield yalilipwa kwa mapafu. Wasagaji waliinama juu ya magurudumu ya mawe, na vumbi la jiwe na chuma likawaingia kifuani. Daktari Knight wa mji huo, katika karne ya 19, alieleza ya kuwa waliosaga pakavu kwa wastani hawakufikia miaka 35 ila kwa shida, na waliosaga kwa maji mara chache walipita 45. Tena waandishi wa wakati ule walisimulia jambo la ajabu: ilipovumbuliwa mitambo ya kunyonya vumbi, wako wasagaji walioikataa, wakihofu ya kuwa kazi ikiwa salama watu wengi wataikimbilia na mshahara utashuka. Huko Thiers wasagaji walilala kifudifudi juu ya ubao, uso juu ya gurudumu, penye baridi ya mto Durolle, na mbwa wao wakalala juu ya miguu yao kuwapasha moto.

Mitambo ya leo huko Ulaya si kama ile, lakini swali halikufa. Visu vya bei ya bure kabisa husagwa mahali fulani na watu fulani, na bei ikishuka sana, mara nyingi kuna mtu aliyelipa sehemu iliyopungua. Tusiwanyoshee vidole Wazungu tu. Katika chuma kimoja cha Ujapani kiitwacho VG-10, ambacho baadhi ya visu vya umbo la Ulaya hufanywa kwacho, mna kobalti, karibu gramu 15 katika kilo. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuambiwa kobalti nyingi ya dunia hii yachimbwa wapi, wala mikono ya namna gani yaingia shimoni kule Kolwezi. Je, ni kosa kununua kisu hicho? Hatusemi hivyo. Mnunuzi mmoja hawezi kufuata kila gramu mpaka shimoni. Lakini aliyekinunua na kukiacha kioze ndani ya beseni la maji machafu, kisha akanunua kingine, ametumia mara mbili jasho lile lile.

Ndiyo maana kutunza kwaingia katika swali letu. Kisu cha bei kisichonolewa, baada ya miezi sita hukata sawa na kile cha euro 2. Fimbo ya chuma hunyosha makali, lakini hainoi kwa kweli. Mara chache kwa mwaka lahitajika jiwe, na kisu cha Ulaya huwekwa juu ya jiwe kwa kuinuliwa kiasi cha digrii 15 hadi 20 kila upande. Kazi hiyo ya kunoa twaona yafaa sana kwa baba wa nyumba, Jumamosi jioni, badala ya kungoja sahani. Na visu visitupwe pamoja na vijiko, vifungiwe kitambaa au viwekwe juu, mbali na watoto.

Limebaki neno moja dogo. Wako wanaoogopa kupewa kisu kama zawadi, wakisema chakata urafiki. Hofu hiyo haikuanzia kwetu tu. Wazungu wengi wanayo, nao humpa mtoa zawadi sarafu moja ili ionekane kisu kimenunuliwa. Kama ni mchezo, chezeni. Kama ni hofu ya kweli, Mkristu hana sababu ya kuishika. Anayetaka kumletea dada yake kisu kutoka Liège amletee pamoja na jiwe la kunolea, upande mmoja wa namba 1000, upande wa pili laini zaidi, na amwonyeshe mkono wake mwenyewe jinsi linavyotumika kabla hajarudi. Tena kisu akitie katika sanduku linaloshuka chini ya ndege, maana akikiacha katika mfuko wa mkononi, walinzi wa uwanja wa ndege watakichukua.